Nati Zisizoonekana: Maneno kwa Madereva na Mafundi kuhusu Spesa za Bei Chee

(Hotuba kwa madereva wa magari ya utalii, mafundi na wamiliki wa magari, Arusha, kabla ya msimu wa Juni)

Ndugu zangu madereva, mafundi wenzangu, na nyinyi matajiri wa magari mliojibanza kule nyuma karibu na birika la chai: asanteni kwa kuniita. Mimi nimezoea kuzungumza nikiwa nimelala chini ya gari, na mtu ninayeongea naye namwona miguu tu. Leo naona nyuso, kwa hiyo nikigugumia mnistahimili.

Naanza kwa kuwapitishia vitu viwili. Kaka, shika hiki, kiangalie, umpe jirani. Na hiki kipite upande wa pili. Hizo ni spesa za magurudumu, vipande vinavyowekwa kati ya rimu na habu, yaani kile kichwa cha ekseli kinachofungiwa gurudumu, ili tairi lisogee nje. Zote mbili za aluminiamu, zote unene wa milimita 30, zote zina matundu sita na stadi zake sita, zile bolti zinazovalishwa nati. Moja nyekundu, inang'aa kama chombo cha sebuleni. Nyingine ya kijivu, ina mikwaruzo, haina hata rangi. Moja kati ya hizo nisingeifunga hata kwenye tela la kubebea maji. Ziangalieni vizuri, tutaulizana.

Watu hawafungi spesa kwa ujinga. Nalisema hilo mapema kwa sababu fundi anayekuja mbele ya madereva na kuanza kufoka hasikilizwi, na ni haki yake asisikilizwe. Unaweka tairi pana zaidi ya lile la kiwandani, ukikata kona linasugua ndani. Ukilisogeza nje kidogo, kelele imekwisha. Wengine wanataka gari ikae kibabe, itanue miguu, na mimi sina ugomvi na urembo. Halafu kuna sababu ya kweli kabisa ambayo wenye Land Cruiser ya V8 wanaijua. Mwaka 2007 Toyota walipoingiza injini ya V8 kwenye familia ya 70, pua ya gari ilibidi ipanuliwe ili injini ikae, na ekseli ya mbele ikapanuliwa nayo. Ya nyuma ikaachwa kama ilivyokuwa. Matokeo yake magurudumu ya nyuma yamekaa ndani kwa milimita 95 kuliko ya mbele, yaani karibu sentimita tano kila upande. Kwenye lami hujui. Kwenye mchanga, au matope ya Ndutu mvua ikishakolea, tairi la mbele linafungua njia na la nyuma halipiti humo, linajichimbia njia yake upya. Gari inavuta kama ng'ombe asiyetaka josho. Mwenye gari hiyo akitafuta spesa za nyuma, namwelewa.

Tatizo linaanza pale anapozitafuta kwa bei ya chini kuliko zote zilizopo sokoni.

Nisogee nyuma hatua moja. Tairi linashikwa na nini? Nikiuliza hivi gereji, vijana wanajibu: linashikwa na bolti. Wanadhani rimu imening'inia kwenye zile stadi kama koti kwenye msumari. Siyo. Ukikaza nati, stadi inavutika kidogo sana, kama mpira wa manati uliotengenezwa kwa chuma, na ule mvuto ndio unaoibana rimu kwenye uso wa habu. Stadi ya milimita 12 ya Hilux au Prado, ukiikaza kwa kipimo chake, ambacho ni Nm 110 hivi (Nm ni kipimo cha nguvu ya kuzungusha), inabana kwa nguvu ya karibu tani nne na nusu. Ziko sita. Mna zaidi ya tani 25 zinazobana bati mbili uso kwa uso, na msuguano wa nyuso hizo ndio unaobeba gari, breki na mashimo. Stadi yenyewe haitakiwi kukatwa kwa ubavu hata siku moja. Ikianza kupigwa kwa ubavu, ujue mbano umeshapotea, na kinachofuata ni kuhesabu siku.

Sasa weka spesa katikati. Mwanzo palikuwa na nyuso mbili zinazobanana, sasa zipo nne. Palikuwa na safu moja ya nati, sasa zipo mbili. Na uzito umesogea nje. Chukua gurudumu linalobeba kilo 800, lisogeze nje sentimita tano: kwenye beringi ni kama umemning'iniza mtu mzima wa kilo 80 kwenye wenzo wa nusu mita, ananing'inia hapo kutwa nzima, na kila shimo anarukaruka. Beringi itakula muda wake haraka, hilo halina mjadala. Lakini niwe mkweli: rimu iliyotengenezwa ili kulisogeza tairi nje kwa kiasi hichohicho inafanya vilevile kwa beringi. Kwa hiyo msiseme mzee kasema spesa zinaua beringi, basi. Beringi inapiga kelele wiki nzima kabla ya kufa. Ninayoyaogopa mimi hayapigi kelele.

Nani ana ile nyekundu? Inyanyue juu, dada. Hiyo ilitoka kwenye Prado. Tajiri aliileta analalamika kwamba ikifika kilomita 80 kwa saa stelingi inatetemeka, ameshabalansi tairi mara tatu na amebadilisha mpaka rodi. Nilipofungua tairi nikaona kilichopo. Muuzaji alimwambia, "Hii ni ya Prado, ona, matundu yanaingia." Ni kweli yanaingia. Prado, Hilux, Nissan Patrol, zote zina matundu sita kwenye duara la milimita 139.7. Lakini kwenye zile za zamani tulizozizoea, kitovu cha habu ya Prado kina milimita 106, na cha Patrol kina 110. Spesa ile ni ya Patrol. Kati ya spesa na kitovu pana nafasi ya milimita mbili kuzunguka pande zote, na spesa imekaa pale ilipotaka yenyewe siku ya kufungwa. Halafu rimu za aluminiamu za Toyota hufungwa kwa nati yenye shingo na washa bapa. Hazina koni ya kuisukuma rimu katikati, zinategemea kitovu. Ile nyekundu, dada, pitisha kidole upande wa nje. Umeona? Haina ukingo. Ni bati bapa tu. Kwa hiyo rimu nayo haikuwa na kitovu cha kukalia. Ya kijivu ina ukingo ulioinuka, umekerezwa kwa kipimo kile cha habu, rimu inaingia pale kwa kubana kama mfuniko wa sufuria.

Na hapo tumezungumzia duara tu. Kuna nyuzi. Stadi ya Toyota ya milimita 12 ina hatua, yaani umbali kutoka uzi mmoja hadi mwingine, ya milimita 1.5 na ya Patrol ina 1.25. Nati ya Patrol ukiianzisha kwa mkono kwenye stadi ya Toyota, itagoma mzunguko wa pili au wa tatu. Ukiianzisha kwa mashine ya upepo itaingia mpaka mwisho, na utaondoka unafurahi, nyuzi zote zimesagika. Ndiyo maana gereji kwangu mashine ya upepo ni ya kufungulia. Kufunga ni vidole kwanza. Vijana wananiona mshamba.

Ukiwa na rimu za chuma kuna mtego mwingine. Spesa nyembamba, stadi za zamani za habu zinachomoza kupita uso wake. Rimu nyingi za aluminiamu zina vishimo kati ya matundu, ncha zinajificha humo. Ya chuma mara nyingi haina nafasi hiyo, inakalia ncha za stadi badala ya kukalia spesa. Fundi anachukua grainda anazikata. Anazikata ngapi? "Kidogo tu." Nati ya milimita 12 inatakiwa kushika nyuzi za urefu usiopungua milimita 12, yaani mizunguko minane kamili. Nimeona gari lililokatwa stadi likabakiwa na mizunguko mitano, na siku mwenyewe alipotaka kurudi kwenye hali ya kiwandani, hakuna cha kurudia.

Kuhusu chuma chenyewe nitawaambia neno ambalo halitawafurahisha: kwa macho huwezi kujua. Sanduku la spesa limeandikwa 6061-T6. Hiyo ni aina ya aluminiamu, na T6 maana yake imepashwa moto, ikapozwa ghafla, kisha ikawekwa tena kwenye tanuri ikomae. Aluminiamu ileile ambayo haikupitishwa kwenye moto huo huanza kukunjika kwa nguvu ya karibu moja ya tano tu. Moja ya tano! Na rangi ni ileile, uzito ni uleule, na herufi zinapigwa chapa na yeyote mwenye mashine. Halafu kuna zilizofuliwa, yaani zilizopondwa zikiwa za moto, na kuna zilizosubiwa, yaani zilizomiminwa zikiwa zimeyeyuka. Ya kusubu, kama imesubiwa vibaya, ina vitundu vya hewa ndani kama mkate, na kimoja kikiwa karibu na tundu la stadi, ndiko ufa unakoanzia. Ukishapaka nyekundu juu yake, nani ataona?

Kuna unachoweza kuona, hata hivyo. Geuza spesa uangalie vichwa vya stadi kwa nyuma. Stadi ya maana imepigwa alama, na ya gari zetu isipungue 10.9. Namba ile ya kwanza inakuambia kila milimita ya mraba inavumilia karibu kilo 100 kabla ya kukatika. Ikiwa tupu, hakuna alama, rudisha. Ikiwa na alama bado hujapata uhakika, maana alama haina hakimiliki. Weka spesa juu ya kioo cha meza, ibonyeze pembeni, ikitikisika, rudisha. Pima unene kwa venia sehemu nne. Nimepima ile nyekundu: tofauti kati ya upande mmoja na mwingine inaonekana bila miwani, na mimi bila miwani sioni hata chakula.

Na kuna kipimo cha jiliwa, ambacho nakifanya mbele ya mwenye mali ili asije akasema nimemharibia. Nafunga spesa kwenye jiliwa, naweka kipande cha chuma chenye tundu badala ya rimu, navalisha nati, toki renchi, ile spana inayopima nguvu ya kukaza, naiweka 110. Ile ya kijivu: tak. Nalegeza, nakaza tena: tak. Mara tatu, palepale. Ile nyekundu ilipofika 70 nati ikaendelea kuzunguka, laini, kama kijiko kwenye ugali ambao haujaiva. Stadi ilikuwa inarefuka. Tajiri alinyamaza. Alikuwa amebeba familia yake nzima kwenda Moshi na kurudi juu ya stadi kama hizo.

Wale wanaokerezewa spesa za bamba la chuma mtaani, nina neno moja fupi. Mkereza mzuri anaweza kukutolea duara sahihi kuliko la dukani, namheshimu. Lakini akishika mashine ya kuchomelea ili stadi zisizunguke, toa gari. Stadi ya 10.9 ilipata nguvu yake kwa moto uliopimwa. Moto wa kuchomelea unaifuta nguvu hiyo palepale unapohitaji iwepo, au unaifanya ngumu na yenye kuvunjika kama kioo.

Sasa nije kwa kilichonifanya nikubali kusimama hapa.

Miaka kadhaa nyuma nilikuwa bado naendesha. Land Cruiser ya matundu matano, imerefushwa, wageni sita, spesa nyuma. Tajiri wangu alinunua spesa kwa muuzaji mmoja mjini, za bei chee, zikafungwa gereji usiku ili tuwahi safari. Mimi nilikuwa dereva mwangalifu, na nasema hivyo bila aibu. Kila asubuhi kabla wageni hawajamaliza chai, nazunguka gari na spana ya msalaba, nati moja baada ya nyingine. Siku ya kwanza, zimebana. Ya pili, zimebana. Mnaijua ile barabara ya Serengeti kutoka Naabi kwenda Seronera, vijituta vya mfululizo kama bati la kiwanda, gari inatetemeka mpaka unasahau jina lako. Siku ya tatu nikasikia kitu kinagonga kwenye kona za kushoto tu. Nikasimama, nikakaza nati. Zimebana. Nikasema ni bushi. Siku ya nne, zimebana.

Jioni ile kijana wa kambini ndiye aliyeniokoa. Alikuwa anaosha gari, akaniita: "Mzee, hili tairi linalia." Kwenye rimu ya nyuma kushoto palikuwa na michirizi, kutu na unga mweusi, inatoka katikati kwenda nje kama nyota. Akiiosha, kesho inarudi. Tukapiga jeki, tukafungua tairi. Nati zile nilizokuwa nazikaza kila siku zilikuwa salama kabisa. Zilikuwa zimeishikilia rimu kwenye spesa. Nyuma yake, zile zinazoishikilia spesa kwenye habu, stadi mbili zimekatika, na nati tatu zilizobaki nilizifungua kwa vidole. Vidole, ndugu zangu. Matundu yameshakuwa mayai. Na mipasuko ya zile stadi mbili haikuwa ya siku hiyo: sehemu kubwa ya uso ilikuwa nyeusi, imeshika kutu, kipande kidogo tu ndicho kilichong'aa. Yaani zilikuwa zinakatika taratibu huku mimi kila asubuhi nakaza safu isiyo na tatizo na kujipongeza.

Ndiyo maana nasema, ukinunua spesa umenunua safu ya pili ya nati ambayo hakuna spana itakayoifikia mpaka tairi litoke. Ya bei chee inazidisha ubaya, kwa sababu aluminiamu laini inabonyea chini ya koni ya nati, na kila ikibonyea kidogo mbano unapungua. Teremka Ngorongoro kwa breki, habu inapata moto. Aluminiamu inatanuka karibu mara mbili ya chuma, inajisukuma dhidi ya nati, ikipoa inarudi ikiwa nyembamba kwa unywele. Rudia hivyo msimu mzima. Lakini hata spesa nzuri kuliko zote, ukiifunga juu ya habu yenye kutu na rangi, ile rangi itasagika ndani ya kilomita mia na nati zitakuwa zimelegea bila kuzunguka hata nyuzi moja.

Mimi nikilazimika kufunga, nafanya hivi. Habu inasuguliwa kwa brashi ya waya mpaka chuma kionekane. Hakuna rangi, hakuna grisi kwenye nyuzi, kwa sababu nyuzi zenye grisi zinaidanganya toki renchi, unaivuta stadi kupita kiasi huku renchi inakuambia bado. Nati za ndani ni zile za koni zilizokuja na spesa. Wengi wanarudishia zile za zamani zenye washa bapa kwenye tundu la koni, na hapo zinagusa mstari mmoja tu. Mtu anakanyaga breki, nati zinakazwa kwa kuvukana, si kwa kuzunguka duara, kwa namba iliyotolewa na mtengenezaji wa spesa. Kama hakutoa namba, huyo si mtengenezaji. Kisha rimu. Kisha gari inaenda kilomita 50 mpaka 100, inarudi, tairi linatoka tena, na nati za ndani zinapimwa. Hapa ndipo ninapogombana na matajiri. "Umeshafunga, unafungua nini tena?" Bosi, hiyo nusu saa usinikate kwenye malipo, nikatie kwenye chai.

Kuna anayeniuliza hapa: mbona nchi za wenzetu wanatumia? Inategemea nchi. Ujerumani unaweza kufunga, lakini ziwe na cheti cha vipimo, na kwa kawaida mabadiliko yakaguliwe na kukubaliwa, la sivyo gari si halali barabarani. Australia, ambako wana Land Cruiser za 70 kama sisi na ile shida ya milimita 95 wanaijua kuliko sisi, kanuni zao za kurekebisha magari zinakataza kuweka spesa kati ya gurudumu na habu kama gari halikutoka nayo kiwandani. Wao wanabadilisha rimu, au wanaotaka kutoa pesa wanapanua ekseli yenyewe. Na mimi nikiulizwa na mtu mwenye pesa ya kutosha, jibu langu ni hilohilo: tafuta rimu zinazolisogeza tairi nje kwa kipimo unachokitaka. Safu moja ya nati, na unaiona kila asubuhi.

Asiyekuwa na pesa hiyo, asubiri. Abaki na tairi la kiwandani msimu huu. Gari inayovuta kwenye mchanga itamchelewesha. Atapiga koleo kidogo, wageni watapiga picha.

Matajiri, nanyi mnisikilize kidogo. Dereva akikuambia tairi linalia, usimkate posho kwa kuchelewa. Mimi niliporudi kutoka safari ile nilikatwa, na bei ya stadi mbili mpya ikaandikwa kwenye jina langu.

Haya, spesa zimerudi? Sawa, ya kijivu ni ya kuazima, lazima niirudishe. Nyekundu hii naiweka mfukoni, maana nikiiacha hapa kuna mtu ataifunga. Nje nimeona magari matatu yenye spesa, msinifiche, nimeinama nikaangalia wakati mnakunywa chai. Tuanze na lile jeupe lililo chini ya mti. Mwenyewe ameniambia zilifungwa Februari na tangu hapo tairi halijatoka. Nani ana jeki ya tani tatu?